Paipu za breki zilizoliwa na kutu: jinsi ya kuzikagua, kuzitoa na kufunga mpya

Pedali ilizama nikiwa kwenye foleni ya pantoni upande wa Kigamboni, Dar es Salaam. Haikukatika ghafla. Iliteremka taratibu chini ya mguu wangu kama ninayekanyaga tope, taa nyekundu ya breki ikawaka kwenye dashibodi, na gari likasimama kwa kuchelewa, karibu kabisa na bajaji iliyokuwa mbele yangu. Nilipoinama kuangalia chini niliona mafuta ya breki yakichuruzika karibu na tairi la nyuma la kushoto, yakichora mstari mweusi kwenye vumbi.

Gari lilikuwa Toyota Corolla 110, na mwenye nalo kabla yangu alikuwa akibebea samaki kutoka soko la Feri. Miaka kadhaa ya maji ya barafu na chumvi yalikuwa yakivuja kwenye buti, yakipita kwenye matundu ya sakafu na kudondokea paipu za breki zilizopita chini yake. Fundi wa kwanza niliyempata alinitatulia tatizo kwa dakika kumi: alikata paipu, akaweka goroli kwenye tundu, akakaza nati juu yake, tairi moja likabaki halina breki. "Utafika nyumbani," akasema, na nilifika. Lakini niliendesha hivyo wiki mbili nikidhani nimetengenezewa gari. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu aliye katika wiki mbili hizo.

Nina jambo moja ninalolisimamia kuliko yote: paipu ya breki iliyooza haiungwi wala haizibwi. Inatolewa nzima, kutoka nati moja hadi nati nyingine, inawekwa mpya. Kazi hiyo inawezekana kwa mtu makini mwenye vifaa vichache, na hata ukiamua kumpa fundi, ukiijua hatakufanyia njia ya mkato mbele ya macho yako.

Kwa nini zinaoza

Paipu nyingi za breki zilizotoka kiwandani ni za chuma chembamba kilichopakwa madini ya kuzuia kutu, na mara nyingi juu yake kuna plastiki. Unene wake wa nje ni milimita 4.75, na ukuta wake hata milimita moja haufiki. Ndani yake, unapokanyaga breki kwa nguvu, mgandamizo hupita psi 1,000 (psi ni kipimo kilekile cha upepo wa tairi). Tairi lako lina psi 32 hivi. Yaani ukuta ule mwembamba unabeba zaidi ya mara 30 ya kile ambacho tairi linabeba, na unapasuka siku ile uliyokanyaga kwa nguvu zaidi, siku uliyohitaji breki kuliko siku nyingine zote.

Mipako ile ikikwaruzwa na jiwe, au ikisuguliwa na klipu inayotikisika, kutu inapata mlango. Chumvi ndiyo inayoiharakisha. Kwetu Pwani chumvi iko hewani, iko kwenye magati ya pantoni pale maji ya bahari yanaporuka, iko kwenye mchanga wa ufukweni unaong'ang'ania chini ya gari. Halafu kuna magari yanayotufikia na kutu yake tayari: gari lililotumika Hokkaido au Tohoku, kaskazini ya Japani, limepita misimu ya baridi kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Juu linang'aa kama jipya. Chini ni hadithi nyingine. Kwa hiyo anayekaa Dodoma au Nairobi asijione yuko salama kwa sababu bahari iko mbali.

Kuna adui wa ndani pia. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, yanakuwa na maji ndani yake, na maji hayo hula silinda na paipu kwa upande usioonekana.

Kukagua

Egesha sehemu tambarare na ngumu, si kwenye mchanga. Weka gia, zuia matairi kwa mawe au magogo mbele na nyuma, inua kwa jeki, kisha weka stendi imara chini ya chesisi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde ya kuchungulia. Tofali za saruji nazo si stendi, zinapasuka bila kutoa taarifa. Ukishaweka stendi, lisukume gari kwa bega. Likitikisika juu ya stendi, shusha uanze upya.

Osha chini kwa maji baridi, acha likauke, kisha chukua tochi na brashi ya waya laini. Anzia kwenye masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali, chini ya boneti, fuata kila paipu hadi kwenye tairi lake. Sehemu za mbele huwa nafuu kwa sababu joto na mvuke wa oili ya injini huzilinda kidogo. Ugonjwa huwa huku: chini ya kila klipu ya plastiki, kwa sababu tope na chumvi hukaa humo bila kukauka, juu ya tangi la petroli, ambako jicho halifiki, juu ya ekseli ya nyuma, na pale paipu inapokutana na hosipaipu ya mpira.

Fungua klipu. Hili ndilo watu wanaliruka. Paipu inaweza kuwa safi urefu wa mita moja kisha chini ya klipu yenye upana wa vidole viwili ikawa imeliwa hadi nusu. Kwenye gari langu tundu lenyewe lilikuwa chini ya klipu, dogo kama ncha ya sindano, na nilipoisugua ile sehemu kwa kidole gumba kutu ilitoka kwa magamba, kama ukoko wa wali unavyobanduka kwenye sufuria.

Jinsi ya kuhukumu: kutu ya rangi ya chungwa inayofutika kwa kitambaa, ikaacha chuma laini, hiyo ni ya juu tu. Isafishe, ipake kinga, iangalie tena baada ya miezi michache. Ukiona vishimo, magamba, au paipu imevimba ikawa nene kuliko sehemu nyingine, hiyo imekwisha, hata kama haivuji. Unyevunyevu wowote wenye kung'aa na vumbi lililoganda juu yake ni mvujo tayari. Usiichokonoe kwa bisibisi kupima uimara wake ikiwa unategemea kuondoka na gari hilo siku hiyohiyo.

Kisha mtu mmoja akanyage pedali kwa nguvu injini ikiwa imewashwa, aishikilie kwa dakika moja. Pedali isimame palepale. Ikizama huku hakuna tone lolote nje, kagua silinda za matairi ya nyuma kwa kuvuta mpira wake wa vumbi pembeni. Pengine mafuta yamejaa mle. Pakiwa pakavu pia, masta silinda inapitisha kwa ndani, na hiyo ni kazi nyingine tofauti na hii.

Ukikuta paipu moja imeoza, tazama mwenzake wa upande wa pili. Zilizaliwa siku moja na zimekula chumvi ileile. Mimi nilibadilisha mbili za nyuma kwa pamoja ingawa moja ndiyo iliyotoboka, na ile ya pili ilikatika mikononi wakati naitoa.

Vitu vya kununua kabla hujafungua nati yoyote

Kuna aina mbili za paipu unazoweza kufunga kwa amani. Ya kwanza ni ya chuma yenye mipako, kama ile ya kiwandani: ni ngumu kukunja na itaoza tena baada ya miaka, ila ni sahihi. Ya pili ni ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, takriban shaba sehemu 90 na nikeli sehemu 10. Hii haipati kutu, inakunjika kwa mkono, na mdomo wake, yaani ile ncha iliyopanuliwa inayobanwa na nati, hutengenezeka vizuri. Volvo walianza kuifunga kwenye magari yao kiwandani mwaka 1976. Ukiipata, ichukue hiyo. Huuzwa kwa roli, mara nyingi ya futi 25, ambayo ni karibu mita 7.6.

Usikubali paipu ya shaba tupu ya friji au ya kiyoyozi. Kwa macho zinafanana, na kuna mafundi wanaoifunga kwa nia njema kabisa. Shaba tupu inakakamaa kwa mtikisiko, kisha inapasuka shingoni, karibu na nati. Ukitaka kuzitofautisha, ya shaba na nikeli ina rangi iliyopauka kidogo, haina wekundu ule wa sarafu mpya ya shaba.

Nunua nati mpya pia. Magari mengi ya Kijapani yanatumia nati ya M10 (kipenyo milimita 10) yenye nyuzi za hatua ya milimita 1.0, inayofunguliwa kwa spana namba 10. Nenda dukani, iwe Gerezani au Ilala, na nati ya zamani mkononi. Sababu ni hii: kuna nati za vipimo vya Kimarekani, inchi 3/8, ambazo huingia kwenye tundu la M10 zikichezacheza kidogo. Unaweza kuikaza ukadhani imeshika, kumbe imeng'ata nyuzi robo tu. Nati sahihi huingia kwa vidole, raundi baada ya raundi, bila kucheza wala kukwama.

Linganisha na mdomo wa paipu pia. Wajapani wanatumia mdomo uliokunjwa mara mbili, unaofanana na faneli ndogo yenye ukuta mnene. Magari mengi ya Ulaya yanatumia mdomo wa mviringo, kama kofia ya uyoga. Hiyo miwili haiingiliani. Ukilazimisha, itavuja, au itaharibu kiti, pale mdomo unapokaa ndani ya masta silinda, na kukuingiza kwenye gharama kubwa zaidi.

Vingine: kifaa cha kupigia mdomo paipu, kile chenye ubao wa chuma wa matundu na skrubu ya kukandamiza; kikata paipu kidogo cha gurudumu; spana ringi yenye mwanya, ile inayopita juu ya paipu na kushika nati pande zote; oili ya kulegeza kutu; mpira mwembamba unaoona ndani; na mafuta ya breki, lita moja inatosha, kopo lisilofunguliwa. Spana yenye mwanya ikikosekana, chukua ringi nzuri namba 10, ikate kwa msumeno wa chuma mwanya wa kupitisha paipu tu. Mafundi wengi wanayo ya namna hiyo na inafanya kazi. Spana flati kwenye nati yenye kutu huimaliza kona ndani ya sekunde moja.

Mafuta: soma kifuniko cha tangi lake. Toyota za umri huu huandikwa DOT 3, ambalo ni daraja la mafuta ya breki. DOT 4 inaweza kuongezwa humo bila madhara. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, isiguse mfumo huu kabisa, na usiichanganye na DOT 5.1 kwa sababu ya kufanana jina. Zaidi ya yote, oili ya injini, haidroliki ya stelingi, dizeli na maji ya sabuni havina nafasi kwenye breki. Oili ya madini huvimbisha mipira yote ya mfumo, kuanzia masta silinda hadi tairi la mwisho. Aliyemwaga kikombe kimoja humo atabadilisha kila chenye mpira.

Kufungua bila kuvunja

Siku moja kabla, sugua kila nati kwa brashi ya waya, nyunyiza oili ya kulegeza, rudia usiku. Oili hii inahitaji muda, haihitaji wingi. Asubuhi gonga nati kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi pande zote.

Kabla ya kufungua, zuia mafuta yasimwagike yote. Tumia fimbo: ikaze kati ya kiti na pedali, pedali ibaki imekanyagwa sentimita tano hivi. Hapo pistoni za masta silinda zinafunika vitundu vinavyoingiza mafuta kutoka kwenye tangi, na paipu ukiifungua inatoa matone tu. Chomoa kwanza waya hasi wa betri, la sivyo taa za breki zitawaka hadi betri iishe.

Sasa jaribu nati. Ikilegea robo raundi, irudishe, nyunyiza, fungua tena, nenda na kurudi. Tazama paipu yenyewe: ikijinyonga pamoja na nati, ujue zimeganda. Usipoteze muda, maana paipu hiyo unaitupa. Ikate karibu kabisa na nati kwa koleo au msumeno, kisha vika soketi ya kona sita juu ya nati. Soketi hainyoi kona kama spana. Nati iliyokwisha nyolewa inahitaji vaisigripu (koleo la kujifunga) nzuri, iliyokazwa mara moja kwa nguvu, si kukazwa na kuteleza mara kumi.

Pale paipu inapokutana na hosipaipu ya mpira unahitaji spana mbili, moja inashikilia upande wa hosi, nyingine inafungua nati. Ukisahau, utainyonga hosi, na ndani yake inaweza kupasuka bila nje kuonyesha chochote. Kama hosi ina nyufa au imevimba, hii ndiyo nafasi ya kuibadilisha.

Moto wa gesi husaidia nati iliyoganda, lakini mafuta ya breki yanashika moto na tangi la petroli lipo hapohapo. Mimi kwa nyuma ya gari siutumii kabisa.

Ukishafungua, funika kila tundu kwa kifuniko cha mpira au nailoni safi iliyofungwa kwa uzi. Punje moja ya mchanga ndani ya silinda inatosha kukurudisha mwanzo. Na mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mengi hapohapo, yanabandua rangi. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi kwa muda mrefu kisha nenda hospitali.

Toa paipu ya zamani ikiwa na umbo lake ikiwezekana. Ikivunjika vipande, vipange chini kama vilivyokuwa na upige picha. Pima urefu kwa kamba laini inayofuata kila kona, ongeza sentimita tano.

Kupiga mdomo

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kufa, kwa hiyo kaa kivulini, kaa vizuri, na usifanye ukiwa na haraka. Katia vipande vitatu vifupi vya mazoezi. Mimi niliharibu viwili kabla ya kupata cha tatu kizuri, na sijutii hata sentimita moja.

Kata paipu kwa kikata gurudumu, ukikizungusha na kukaza kidogo kidogo. Msumeno huacha ncha iliyopinda na unga wa chuma ndani. Baada ya kukata, ukingo wa ndani hujikunja kuelekea katikati. Uondoe kwa ncha ya kisu au kikwangulio, kisha lainisha ukingo wa nje kwa tupa. Ukiigusa kwa kidole isikukwaruze. Uangalie uso wake kwa mwanga: uwe umekatika moja kwa moja, bila mwinamo wa upande wowote.

Vika nati SASA, nyuzi zake zikitazama ncha unayopiga mdomo. Kila mtu anayefanya kazi hii amewahi kupiga mdomo mzuri akakuta nati iko mezani. Ukimaliza ncha ya kwanza, kumbuka nati ya pili nayo lazima ivikwe kabla ya ncha ya pili, ikitazama upande wake.

Weka paipu kwenye tundu la 4.75 la ubao, upande ule wenye mwinamo wa faneli. Kipande kidogo cha kukandamizia kina bega. Paipu itokeze juu ya ubao kwa urefu sawa na bega hilo, si zaidi. Kaza nati za ubao kisawasawa, kwa nguvu, maana paipu ikiteleza nyuma mdomo utakuwa mfupi. Dondoshea tone la mafuta ya breki, ingiza ncha ya kipande kwenye paipu, shusha skrubu hadi kipande kiguse ubao. Toa. Utaona ukingo umevimba na kujikunja kuelekea ndani, kama mdomo wa mtungi. Sasa shusha koni iliyo kwenye ncha ya skrubu moja kwa moja bila kile kipande, ikande polepole hadi ukingo ulale ndani na kufanya ukuta mara mbili. Usikaze kupita kiasi mwishoni, unakonda.

Uangalie mdomo wako chini ya mwanga, ukiuzungusha. Uwe katikati ya paipu, usiegemee upande mmoja. Uso wake uwe laini bila ufa wala mkwaruzo unaokatiza kutoka ndani kwenda nje. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuvujisha. Ukiona hata kimoja kati ya hivyo, kata, anza tena. Ndiyo kazi ya zile sentimita tano za ziada. Mwisho pulizia ndani kwa upepo mkavu wa kompresa, ncha hadi ncha.

Kukunja na kufunga

Paipu ya shaba na nikeli ikunje kwa kuizungusha kwenye kitu cha duara, kama soketi kubwa au chupa, isije ikabonyea. Kona kali inayopunguza njia ya mafuta haikubaliki. Ya chuma inahitaji kifaa cha kukunjia. Fuata njia ya zamani kwa uaminifu: mhandisi aliyeipitisha pale alijua ekseli inapanda hadi wapi na ekzosi inatoa joto kiasi gani. Kama karibu na masta silinda ilikuwa na mzunguko au pindo la ziada, lirudishe, kwa sababu kazi yake ni kumeza mtikisiko.

Anza nati zote mbili kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Ikikataa kwa vidole, paipu haijakaa sawa na tundu. Isogeze, usilete spana. Zikishaingia raundi kadhaa, kaza. Kwenye Toyota kipimo cha nguvu ya kukaza ni karibu Nm 15 (niutoni-mita), ambacho ni kidogo kuliko mkono wa fundi mwenye nguvu unavyopenda. Ukaze hadi mdomo ukae, halafu kidogo tu. Klipu zote zirudi mahali pake, na paipu isiguse chuma popote pasipo na klipu. Klipu iliyovunjika ibadilishe. Paipu inayoning'inia itasuguliwa hadi itoboke hata kama haina kutu.

Kutoa upepo

Ondoa ile fimbo kwenye pedali, rudisha waya wa betri, jaza tangi la mafuta ya breki. Legeza kila nepo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo iliyo kwenye breki ya kila tairi, kwanza na uirudishe, ili ujue ipi imeganda kabla hujaanza. Nepo ina tundu ndani, inakatika kirahisi. Nayo iloweke mapema.

Kwa desturi unaanza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwenye gari la usukani wa kulia: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Magari yenye ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasikwame) mengine yana mpangilio wake, fuata kitabu cha gari.

Vika mpira kwenye nepo, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Mnahitaji kuwa wawili na lugha moja isiyo na utata. Mimi humweka mdogo wangu kwenye kiti.

"Kanyaga, shikilia."

"Nimeshikilia, kaka."

Hapo ndipo ninalegeza nepo. Pedali inateremka, mapovu yanatoka. Ninafunga nepo. "Achia." Hairuhusiwi kuachia kabla nepo haijafungwa, la sivyo upepo unarudi. Rudieni hadi mafuta yatoke safi bila povu mara nne tano mfululizo. Kila baada ya mara tano, angalia tangi. Likikauka mmevuta upepo kutoka juu na kazi inaanza upya.

Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Kwenye masta silinda ya zamani, mipira imezoea kutembea sehemu moja tu. Mbele ya hapo kuna uchafu na kutu, na ukiipeleka huko inachanika. Watu wengi wamefunga paipu mpya vizuri kisha wakaua masta silinda siku hiyohiyo kwa njia hii.

Kwenye pikapu na magari ya mizigo kuna vali juu ya ekseli ya nyuma inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Gari likining'inia, vali inadhani halina mzigo na inabana mafuta ya nyuma. Weka stendi chini ya ekseli yenyewe au toa upepo gari likiwa limesimama kwa matairi yake.

Kujaribu

Futa kila kiungo kiwe kikavu kabisa. Washa injini, mtu akanyage kwa nguvu zake zote na kushikilia dakika moja, wewe ukiwa pembeni na tochi. Pitisha karatasi ya chooni kwenye kila nati. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kiungo kinacholowana, kilegeze kidogo na kukikaza tena mara moja au mbili ili mdomo ukae. Kikikataa, mdomo una kasoro, toa ukate.

Pedali ikiwa laini kama sponji, bado mna upepo. Ikiwa ngumu na juu, shusha gari, jaribu uwanjani kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha mwendo wa bajaji. Gari lisimame bila kuvuta upande. Kagua tangi na viungo siku inayofuata, na tena baada ya wiki. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe kwenye gari, na yasihifadhiwe kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuichukua. Ni sumu.

Kuzilinda

Ukitoka ufukweni au ukivuka kwa pantoni mara kwa mara, osha chini ya gari kwa maji baridi kila wiki, hasa nyuma ya matairi na juu ya ekseli. Anayebeba samaki aweke beseni au turubai lisilovuja chini ya masanduku, na azibe matundu ya sakafu kwa vizibo vyake. Paipu za chuma zilizo nzima zipake nta ya kuzuia kutu. Desturi ya kupuliza oili chafu chini ya gari inaizuia kutu kidogo, lakini inaloweka hosipaipu na bushi za mpira hadi zinalainika, kwa hiyo mimi siifanyi. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Na yule aliyewekewa goroli: breki za tairi moja la nyuma zikifa, lingine likishika kwenye lami iliyolowa, gari linazunguka. Lifikishe nyumbani polepole, liegeshe, na lisitoke tena hadi paipu mpya iwe imefungwa.